Nyumba Itizameni Masika, Msiinunue Kipupwe

Kila ikifika Julai simu za madalali wa hapa Unguja hazipumziki. Ndugu zetu walioko Uingereza, Kanada, Sweden na kwengineko wanakuja na watoto kwa vile skuli za huko zimefunga, na wengi wao wana jambo moja kichwani, kupata nyumba nyumbani kabla hawajarudi. Wanapelekwa Fuoni, Tomondo, Kianga, Fumba, wanazungushwa kwenye gari siku mbili tatu, wanaipenda moja, karatasi zinatizamwa, sheha, yaani kiongozi wa mtaa, anashuhudia, pesa inalipwa, na Agosti mwishoni wanapanda ndege. Mie hili linaniuma na nalisema kila nikipata nafasi: Julai na Agosti ndio miezi mibaya kupita yote kununua nyumba Zanzibar, kwa sababu ndio miezi ambayo kila nyumba ya hapa inaonekana nzuri.

Fikirieni wenyewe. Kipupwe, yaani hiyo Julai na Agosti, masika yashapita, ardhi imekauka lakini majani bado mabichi, upepo wa kusi unavuma mchana na usiku, joto la mchana linacheza kwenye digirii 28 na usiku unatafuta shuka ujifunike. Ingia nyumba yenye bati tupu bila dari mwezi huo utasema mashaallah nyumba ina hewa. Ukuta uliolowa Aprili ushakauka na ushapigwa rangi, karo, lile shimo la maji machafu, lililofurika Mei lishanyonywa, na lile dimbwi lililokuwa mbele ya mlango sasa ni kiwanja watoto wanacheza mpira. Huyo dalali wala hana haja ya kukudanganya, msimu wenyewe ushamfanyia kazi yake.

Halafu inakuja Januari na Februari, kaskazi, joto linapita 32 na usiku nalo halishuki vya kutosha, hewa nzito ya unyevunyevu, na mzee uliyemuweka kwenye nyumba hiyo anakupigia simu kwamba umeme wa tukuza, huu wa kulipia kabla ya kutumia, unaliwa mbio na hajui kwa nini. Ikifika Aprili, mwezi wenye mvua nyingi kupita yote, simu ya pili: maji yako sebuleni.

Kinachonishangaza ni kwamba ndugu zetu hawa hawa huko waliko wana akili nyengine kabisa ya kununua nyumba. Muulize mtu aliyenunua nyumba kule Uingereza, Milton Keynes au Northampton, atakwambia wazi, nyumba itizame wakati wa baridi. Winta ndio utaona kama madirisha yana kioo kimoja au viwili, kama pembe za kuta zina ukungu mweusi, kama boila, ule mtambo wa kupashia nyumba joto, inawaka na radieta zote zinapata moto au moja ya chumba cha nyuma imekufa. Tena wanunuzi winta wanakuwa wachache, khasa karibu na Krismasi, na anayeuza wakati huo mara nyingi ana sababu ya kutaka kuuza, kwa hiyo hata bei inazungumzika. Na sheria yenyewe iko upande wa mnunuzi: nyumba inayouzwa Uingereza lazima iwe na cheti cha matumizi ya nishati, ile EPC, yenye daraja kuanzia A mpaka G na inayodumu miaka 10. Kabla hujalipa hata pauni moja unajua kama unanunua nyumba inayobakisha joto ndani au inayolitoa nje. Nyumba ambayo paa lake halijatandikwa kitu cha kuzuia joto inapoteza kama robo ya joto lake kwa juu, na wenyewe wanashauri utandike nyuzi zile za kuzuia joto unene wa milimita 270 darini. Watu wanalijua hilo mpaka vijana wa juzi juzi.

Na wanalijua kwa maumivu. Mwaka 2022 bei ya gesi ilipopaa baada ya vita vya Ukraine, serikali ya Uingereza ikabidi iweke kikomo ili nyumba ya kawaida isilipe zaidi ya kama pauni 2,500 kwa mwaka, na hata hapo watu walilia. Tunajua sote walivyoishi watu wetu msimu ule, hita inawashwa kwa muda wa saa moja asubuhi na saa moja jioni basi, watoto wamevaa jaketi ndani, mtu anarudi zamu ya usiku ya kulea wazee anajifunika blanketi mbili ili asiguse ile swichi. Na pesa iliyobaki kwa kujinyima namna hiyo imekwenda wapi? Imekuja huku, ikawa matofali na bati. Sasa mtu aliyekaa kwenye baridi miaka ili apate nyumba kwao, halafu nyumba yenyewe inamlazimisha alipe umeme wa AC mpaka mwisho wa umri wake, kwangu mie huo ni msiba na unazuilika.

Tuje kwenye hesabu maana bila hesabu haya yanabaki maneno. AC ya kawaida ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kompresa, ile mashine yake ya kupoza, ikiwa inafanya kazi inakula kama kilowati moja, yaani uniti moja kwa saa. Feni la dari linakula wati 60 au 70. Lala kwa muda wa saa nane na AC ambayo kompresa yake haipumziki ni uniti 8, lala muda huo huo na feni hiyo haifiki hata uniti 1, ni kama nusu. Piga mara siku 30: uniti 240 kwa chumba kimoja dhidi ya uniti 15 hivi. Kama vyumba ni vitatu, fanya mwenyewe hesabu. Mtu ataniambia siku hizi kuna AC za inveta zinakula kidogo, ni kweli, lakini inveta inaokoa pale chumba kinaposhika baridi na mashine ikapunguza kasi. Chumba ambacho bati limepigwa na jua mchana kutwa na joto lote limekusanyika darini, ile mashine haipati nafasi ya kupunguza. Ni kumimina maji kwenye ndoo iliyotoboka, ndoo mpya ya bei haizibi tundu.

Kwa hiyo swali la mwanzo kwenye nyumba ya Zanzibar ni paa. Sie tuko digirii 6 tu kusini ya ikweta, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la adhuhuri linakuwa juu ya utosi khasa, na mwaka mzima halendi mbali, kwa hiyo paa ndilo linalopokea jua kuliko ukuta wowote. Uliza bati gani, rangi gani, chini yake kuna nini. Siku hizi kuna mtindo wa mabati ya rangi ya kijivu iliyokoza na nyeusi, yanapendeza kwenye picha sikatai, lakini rangi nyeusi inakunywa jua na nyeupe inalirudisha, hili halitaki injinia. Kisha dari. Nyumba nyingi mpya zinatiwa jipsam yenye mapambo na taa za kila rangi, imeshushwa chini chini ili ipendeze, na juu yake hakuna hata tundu la kutolea hewa moto. Joto linakaa pale mpaka saa sita za usiku linakushukia kitandani. Fundi mzuri anaacha matundu yenye wavu chini ya vipenu na kwenye pembe ya juu ya paa ili hewa ipite, gharama yake ndogo sana ukilinganisha na AC moja, sijui kwa nini watu wanaliruka hili.

Swali la pili nyumba imetazama wapi. Upepo wetu unajulikana tangu enzi za majahazi, kaskazi unatoka kaskazini mashariki, kusi unatoka kusini mashariki. Jua nalo linachomoza mashariki na kuzama magharibi, na jua la asubuhi na la alasiri ndilo linaloingia dirishani kwa sababu liko chini. Nyumba inayofaa ni iliyolala kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa kaskazini na kusini, na ukuta wa magharibi una dirisha dogo au una mti. Lakini viwanja vyetu vinakatwa kufuata njia ya gari, nyumba inatizama barabara hata kama barabara iko magharibi, chumba kikubwa cha mwenye nyumba kinapigwa jua la saa tisa alasiri mpaka linazama, halafu ndicho chumba kinachonunuliwa AC kubwa. Ukienda kuitizama nyumba nenda saa kumi alasiri, weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi kwa ndani, hilo tu litakwambia mengi.

Na madirisha haya ya alumini ya kusukuma. Mie sina ugomvi na alumini, haili kutu na chumvi ya bahari, ila dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu, nusu ya pili daima imezibwa na kioo. Umelipa dirisha zima umepata upepo wa nusu dirisha. Dirisha la mbao la zamani lilifunguka lote, na la kisasa la bawaba linafunguka lote pia. Wengi tunaiga majumba ya Muscat na Dubai, tunasahau kule joto lao nje linaunguza kwa hiyo wanajifungia ndani na mashine, sie joto letu halifiki hapo, mtu anapoa kwa upepo kupita kwenye ngozi. Ukiuziba upepo Zanzibar umejiuza kwa mita ya umeme.

Wazee wetu walijua. Ukiingia nyumba ya Mji Mkongwe saa saba mchana mwezi wa Februari unahisi tofauti mlangoni tu, kuta za mawe na chokaa zenye unene wa nusu mita na zaidi, dari za juu, uwa wa katikati unaovuta hewa moto kwenda juu, kichochoro chembamba kisichopata jua. Sisemi kila mtu akanunue huko. Nyumba za mji zinataka matunzo ya kila mwaka na mafundi wanaojua chokaa, ukizipiga plasta ya saruji unyevu unafungika ukutani na boriti zinaoza, na nyumba isipotizamwa mwisho wake tuliuona Disemba 2020 pale sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba kubwa la kale la Mji Mkongwe, ilipoanguka. Hata nyumba ya udongo na makuti ya shamba, ambayo leo watu wanaionea haya, inalalika kaskazi kuliko sanduku la tofali na bati. Kinachotakiwa ni kuchukua zile akili, kivuli, urefu wa dari, upepo kupita upande hadi upande, tukazitia kwenye nyumba ya tofali ya kawaida.

Kama kuna mtu anadhani nazidisha akumbuke ule umeme wetu unakotoka. Unguja inategemea waya wa chini ya bahari kutoka bara, wa mwanzo uliwekwa 1980, ulipoharibika 2008 tulikaa kiza kama mwezi, na ulipoharibika tena Disemba 2009 tulikaa mpaka Machi 2010. Tizameni hiyo miezi, Disemba mpaka Machi, ni kaskazi tupu. Miezi mitatu ya joto kubwa bila feni bila friji, na wakati ule ndio ilijulikana nyumba ipi inakalika na ipi watu wanalala nje barazani. Sasa tuna waya wa pili wa megawati 100 tangu 2013, na Pemba ilipata wake kutoka Tanga 2010, alhamdulillah hali si ile. Lakini kukatikakatika kupo bado, na nyumba ambayo bila umeme haikaliki haina thamani ile unayoambiwa na anayeiuza.

Sasa maji, na hapa ndipo watu wanapopoteza nyumba nzima. Mji wetu umekua kwa kasi, sensa ya 2012 iliwahesabu watu wa Zanzibar nzima 1,303,569 na ya 2022 ikatukuta 1,889,773, na watu wote hao wanataka pa kukaa, kwa hiyo tumejenga mpaka kwenye mabonde yaliyokuwa ya mpunga na kwenye mashimo ya asili ambayo maji yake hayana njia ya kwenda baharini, yanasubiri kuzama ardhini taratibu. Mwanakwerekwe na Sebleni kila mtu anajua habari zake za mafuriko za miaka. Mradi wa ZUSP, yaani wa huduma za mijini Zanzibar, wa mkopo wa Benki ya Dunia umejenga mitaro mikubwa na kuna mitaa imepumua kweli, lakini mtaro unaondoa maji sehemu moja, na kila mwaka kuna nyumba mpya zinajengwa sehemu nyengine ya chini ambako mtaro haujafika. Na maji yakipanda hayaji peke yake, makaro yanapanda nayo, ndio maana mvua kubwa na kipindupindu zimekuwa zikitajwa pamoja.

Nyumba iliyowahi kuingia maji ina alama hata kipupwe ukijua kutizama. Kizingiti cha saruji kilichoinuliwa mlangoni kuliko kawaida. Soketi za umeme ziko juu karibu na kifua wakati za nyumba za jirani ziko chini. Rangi mpya mita moja ya chini tu, au vigae vimepandishwa ukutani sebuleni ambako havina kazi. Friji na kabati vimewekwa juu ya matofali. Plasta inayopukutika unga mweupe, hiyo ni chumvi, inatokana ama na mchanga wa pwani uliotumika kujengea au na maji yanayopanda kutoka chini kwa sababu fundi hakuweka nailoni chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Ukiona mawili katika haya toka nje umuulize mwenye duka la pembeni masika ya mwaka huu maji yalifika wapi, muulize polepole kwa adabu, na usende na dalali. Mwenye duka hana faida yoyote kwenye nyumba ile na atakuonesha kwa mkono ukutani.

Najua nitajibiwa nini. Ndugu aliyeko Leeds hapati likizo Aprili, na watoto wana skuli. Nakubali, ila Pasaka skuli za huko zinafungwa kama wiki mbili na mara nyingi inaangukia ndani ya masika yetu, tiketi zinakuwa ghali lakini hazifiki gharama ya kuezeka nyumba upya. Asiyeweza kabisa basi amtume mtu wake, dada au shangazi asiyekula kamisheni, aende siku mvua inanyesha, apige simu ya video, azunguke kila chumba, aoneshe dari, aoneshe nyuma kwenye karo, atoke mpaka njiani tuone gari inapita au haipiti. Na aliyekwisha kuja Julai akaipenda nyumba alipe advansi ndogo, aandikishane na muuzaji kwamba malizio ni baada ya masika, au aikodi mwaka mmoja kwanza awaweke wazee ndani. Muuzaji akikataa kabisa hata kulizungumza hilo, nalo umelipata jibu.

Faida nyengine ya masika ni bei. Wanunuzi kutoka nje hawapo, njia mbovu, madalali wenyewe wanakuwa wapole, na muuzaji anayekuonesha nyumba huku ndoo imewekwa chini ya tundu la paa hawezi kukutajia bei ya Julai. Watu wa hapa hapa ambao hatuhitaji kupanda ndege tunaiacha fursa hii kila mwaka, sijui kwa nini, tunasubiri kipupwe tushindane bei na mtu mwenye pauni.

Karatasi sitazieleza kwa urefu maana zina makala yake, ila mkumbuke ardhi Zanzibar ni mali ya umma, unachonunua ni jengo na haki ya matumizi, na karatasi ya sheha peke yake haitoshi, lazima mfike Kamisheni ya Ardhi. Wanaonunua fleti nao, wanaolindwa na sheria ya kondominio, yaani ya kumiliki fleti ndani ya jengo, ya 2010, waulize ghorofa ya juu kabisa chini ya paa ina nini, maana ndiyo inayopigwa jua na mara nyengine ndiyo inayouzwa ghali kwa ajili ya kuona bahari.

Ninachokitaka kwa wakubwa wetu ni kitu kidogo. Kibali cha kujenga kisitolewe mpaka ramani ioneshe upepo unaingia wapi unatoka wapi na maji ya mvua yanakwenda wapi. Na nyumba inayouzwa iwe na karatasi moja, ikisema imejengwa lini, paa na dari ni za aina gani, iliwahi kuingia maji au la, na umeme wa mwaka uliopita ulikuwa uniti ngapi kwa mwezi. Uingereza wanayo ya kwao kwa ajili ya baridi, sie tunaweza kuwa na yetu kwa ajili ya joto na mvua, na mita za tukuza zina kumbukumbu zote hizo, hakuna kinachohitaji kubuniwa.

Mpaka hiyo karatasi ipatikane muombeni muuzaji risiti zake za tukuza za Januari na Februari, awaoneshe kwenye simu, wengi wananunua kwa simu kwa hiyo zimo. Akiwa hana au hataki, kaa chini na fundi wako, piga gharama ya kutoboa matundu ya hewa, kubadilisha dari, kupaka bati rangi nyeupe na kuinua jamvi kama bonde liko karibu, jumla yake itoe kwenye bei aliyoitaja, na umwambie umeitoaje.